Mnong'ono Nyuma ya Kochi

Sebule ile haikuwa na dari. Ukilala chali nyuma ya kochi, kama alivyolala yeye karibu kila siku ya kazi, uliona picha ya maua ukutani, saa iliyosimama, ncha za pazia lenye rangi ya maziwa, kisha ukuta uliishia ghafla, na juu yake palikuwa na giza refu lenye taa zilizoning'inia kama matunda. Dirisha lilikuwa la mbao nyembamba. Nje ya dirisha palikuwa na anga iliyochorwa kwenye turubai, na anga hiyo haikuwahi kujua mvua. Mchoraji aliweka wingu moja tu, upande wa kushoto. Mwanamke aliyelala nyuma ya kochi alikuwa amelizoea wingu lile kuliko mawingu ya kweli.

Pale kituo cha televisheni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Mnong'ono, kwa sababu ya kazi yake: kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Alijilaza kwenye kipande cha zulia, karatasi za mchezo kifuani, tochi ndogo mkononi, na mwigizaji alipokwama, neno lilimfikia kutoka chini, jepesi, kabla watazamaji hawajajua kwamba kuna kitu kimepotea.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Ukimpa mwigizaji sentensi nzima, unamchanganya. Ukimpa neno moja, unamshika mkono avuke mtaro. Tena ni lazima ujue kukitofautisha kimya na kimya. Kuna kimya cha kuigiza, ambacho kina pumzi ndani yake, na mwigizaji hapendi kiguswe. Na kuna kimya cha kusahau, ambacho pumzi yake imekatika. Mnong'ono alizisikiliza pumzi kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Mara chache sana alikosea.

Mchezo wenyewe uliitwa *Watatu Sebuleni*. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, juu ya mtu na mkewe na rafiki yao aliyeomba kulala usiku mmoja mvua ikinyesha, akasahau kuondoka. Watazamaji walimpachika rafiki huyo jina la Kupe, na jina likamganda hata nje ya mchezo. Mwigizaji wake alikuwa mtu mpole aliyelipa kodi ya nyumba yake kila mwezi, lakini akiingia dukani kununua sabuni, wauzaji walimwambia, "Kupe, leo umeagizwa na wenye nyumba?" Naye alijibu, "Nimetumwa, na nimeambiwa nirudi na chenji." Aliyecheza mume alikuwa mzee mwenye sauti nzito, waliyemwita Mzee Koti kwa kuwa koti alilovaa kwenye mchezo alilivaa pia kwenda sokoni, msibani na kitandani, kama walivyodai wenzake. Mzee Koti alikuwa na uso uliojua kila kitu na kichwa kisichokumbuka chochote. Yeye ndiye aliyemtumia Mnong'ono zaidi ya wote.

Jioni, Mnong'ono alitoka kwenye sebule isiyo na dari akatembea kwenda kwenye sebule nyingine, yenye dari. Huko nako waliishi watu watatu.

Wa kwanza alikuwa rafiki yake wa utotoni. Walikuwa na jina moja. Shuleni mwalimu alipoliita jina hilo, walijibu wote wawili, na darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo waliitana Wajina, na ukubwani hawakuona sababu ya kubadili. Wajina alikuwa mshonaji wa mapazia. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango wa mbele, na vitambaa vilimiminika miguuni pake kama maji ya mto uliotulia, vikaufunika mguu wa meza, vikafika hadi chini ya kochi. Wa pili alikuwa mumewe, fundi miwani, mwenye kibanda chenye kioo upande wa barabarani. Alizoea kuipulizia lenzi pumzi, kuifuta kwa upindo wa shati, na kuitazama kwenye mwanga kabla ya kumpa mteja. Maneno aliyafanyia hivyohivyo. Alianza sentensi, akanyamaza, akaitazama kwenye mwanga, kisha akaendelea. Wapo waliomdhania kuwa mzito wa akili. Wajina hakumsukuma, aliendelea kushona mpaka neno lifike. "Akifika atafika," alisema. "Hajawahi kupotea njiani."

Mnong'ono na fundi miwani waliitana shemeji.

Wa tatu alikuwa Mnong'ono mwenyewe, aliyefika kwao baada ya mama yake kufariki na ndugu zake kuuza nyumba ya familia. Alikuja na sanduku moja, akasema ni kwa siku chache tu, mpaka apate pa kukaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Wajina hapakuwa na jembe. Siku ya tatu alipewa upindo wa pazia, ashike upande wa pili wakati wa kupima. Akashika. Siku chache zikawa msimu, msimu ukawa mwaka, kisha hesabu ikasahaulika. Hata ile kazi ya kituoni aliipata kwa sababu ya mapazia. Alitumwa kupeleka lile la rangi ya maziwa, akawa amesimama juu ya ngazi akilitundika, mara mwigizaji mmoja akasahau neno, naye akalitamka kutoka nyuma ya kitambaa bila kufikiri, maana alikuwa amelisikia likirudiwa asubuhi nzima. Mwongozaji wa mchezo akauliza, "Nani huyo?" Mtu akajibu, "Pazia." Kesho yake akaambiwa arudi.

Chumba chake kilikuwa cha nyuma, ambacho zamani kilihifadhi majora ya vitambaa. Kilikuwa na kidirisha karibu na dari, kinachotazama ukuta wa jirani. Mchana ulipita mle ndani kama mtu anayepita na sinia kichwani: uliona mwanga kidogo ukielea juu, kisha umekwenda zake. Mnong'ono aliwasha tochi saa za mchana ili asome karatasi za mchezo. Hakulalamika. Mgeni halalamikii kitanda, na ingawa hakuna aliyemwita mgeni, hakuna pia aliyewahi kumwambia kwamba si mgeni. Neno hilo halikuwahi kusemwa katika nyumba ile, kwa upande wowote. Alilisikilizia kwa muda mrefu, kama alivyosikilizia maneno kazini, lakini karatasi zenye maneno ya nyumba ile hakupewa.

Siku za mchezo waliketi watatu kwenye kochi wakajitazama. Ndivyo alivyosema Wajina: "Njooni tujitazame." Kupe alipofungua jokofu la watu kwenye skrini, Wajina alimpiga Mnong'ono begani kwa kicheko. Jirani alichungulia dirishani siku moja akauliza kwa utani, "Na nyinyi humu Kupe wenu ni yupi?" Wajina akajibu bila kuacha kutazama, "Ni mimi. Nimeganda kwenye cherehani, hata dawa hainitoi." Jirani akacheka akaenda. Mnong'ono naye alicheka. Lakini usiku ule aliota amelala nyuma ya kochi la nyumbani, na juu hapakuwa na dari, na Wajina na mumewe walikuwa wamekaa wakisubiri awape maneno. Aligeuza karatasi moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nyeupe.

Kisha kituo kikaamua kuumaliza mchezo. Watu wamechoka kucheka, walisema. Mwandishi akaleta sehemu ya mwisho, na ndani yake mume anamwita rafiki, anamketisha, anamwambia aondoke. Hakuna kelele wala kofi. Ni maneno machache tu: "Tumekaa, tumefikiri. Kile chumba tunakihitaji."

Mzee Koti hakuliweza neno la mwisho.

"Tumekaa, tumefikiri," alisema siku ya kwanza ya mazoezi, kwa sauti ya kutisha. "Kile chumba... tunakihifadhi."

"Tunakihitaji," Mnong'ono akanong'ona kutoka chini.

"Tena," akasema mwongozaji.

"Kile chumba... tunakihurumia."

Kupe, aliyekuwa amekaa na begi magotini, akasema, "Mzee, kama chumba kinahurumiwa na mimi nihurumiwe. Sitoki."

Watu wakacheka, mafundi wa taa wakashuka ngazi kunywa maji, na kazi ikaanza upya. Ilikuwa hivyo wiki nzima. Kila mara mzee alifika palepale, akasimama kama mbuzi kwenye ukingo wa maji, na kila mara neno lilitoka chini ya kochi kumchukua. "Unanipa vizuri sana, binti yangu," alimwambia Mnong'ono. "Ukiniambia wewe, hata sioni kama namfukuza mtu." Kupe akadakia, "Ndiyo maana inaniuma. Bora ningefukuzwa na mtu mwenye sauti mbaya."

Mnong'ono alirudi nyumbani akiwa na neno lile mdomoni kama kokwa la tunda. Aliosha vyombo nalo. Alilala nalo. Mitaani, mwanga wa jioni ulilalia kuta, na kila dirisha alilopita lilikuwa na sebule ndani yake, na kila sebule ilikuwa na watu waliokaa kama waliopangwa na mtu. Aliwaza: katika kila mojawapo kuna neno ambalo mtu hajalisema bado.

Wiki hiyohiyo mambo ya nyumbani yalianza kumkaa vibaya. Alirudi adhuhuri, mapema kuliko kawaida, akamkuta Shemeji chumbani kwake, futi ya kupimia mkononi na penseli sikioni. Ukutani palikuwa na alama mpya. Shemeji akakohoa.

"Nilikuwa naangalia... ukuta," akasema, akatoka kwa upande, kama mtu anayepita mbele ya watu walioketi.

Sebuleni Wajina alisimamisha cherehani. "Umerudi mapema," akasema, kisha akainama kukata uzi kwa meno, na uzi ule ulichukua muda mrefu kukatika.

Chumba kinapimwa kwa nini? Mnong'ono alikaa kitandani akazitazama alama za penseli. Akafikiria majora ya vitambaa yaliyobanana sebuleni, wateja waliokuwa wakiongezeka, kazi ya Wajina iliyokua kuliko nafasi yake. Chumba kilikuwa chao. Kukihitaji ilikuwa haki yao. Hofu yake ilikuwa moja: angesikia lini, na angeweka wapi uso wake akisikia. Nyumba ile ndiyo pekee duniani ambamo mtu alimuuliza amekula nini mchana.

Jioni ya siku iliyofuata Wajina alikwenda kutundika mapazia kwa mteja. Mnong'ono na Shemeji walikula wawili. Taa ya mezani ilikuwa na wadudu wadogo waliozunguka bila haraka. Shemeji alimaliza kula, akaisogeza sahani, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Shemeji," akasema. "Mimi na mwenzangu tumekaa, tumefikiri."

Mnong'ono akaweka kijiko chini.

"Kile chumba chako..." akasema Shemeji, akanyamaza.

Kilikuwa kimya cha kweli, pumzi imekatika kabisa. Meza ilionekana kwenda mbali. Taa ikawa taa ya juu, ukuta ukaishia njiani, na Mnong'ono, ambaye maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumwacha mtu amekwama mahali pale, alinong'ona bila kuinua macho:

"Tunakihitaji."

Shemeji alimgeukia. Alikaa akimtazama, kama anavyotazama lenzi yenye ufa usioonekana.

"Tunakihitaji," akarudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. Kisha akauliza, "Ndivyo?"

"Ndivyo, shemeji. Nimeelewa."

"Haya," akasema Shemeji. "Kama ndivyo, sawa."

Akainuka akachukua sahani zote mbili mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea, akaenda nazo jikoni. Maji yalisikika yakitiririka muda mrefu kuliko sahani mbili zinavyohitaji.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika sauti. Cherehani ilienda kasi. Wajina hakumwita tena kushika upande wa pili wa pazia. Alilibana pazia kwenye mlango wa kabati akapima peke yake. Mnong'ono aliposema, kwa uangalifu, kwamba ameanza kuulizia chumba mahali pengine, Wajina hakuinua kichwa.

"Watu wazima hawazuiwi njia," akasema, na sindano ikapita kitambaani, taka-taka-taka, mpaka mwisho wa upindo.

Mnong'ono aliyapokea maneno hayo kama kwaheri. Alikuwa hodari wa maneno ya watu, na ya kwake yalikuwa yamekaa bila kutumika kwa muda mrefu kiasi kwamba hakujua yalipo.

Siku ya kurekodi ilifika. Sebule isiyo na dari iliwashwa taa zote, na wingu likang'aa upande wa kushoto. Mzee Koti alimketisha rafiki yake, akaweka mikono magotini, akasema, "Tumekaa, tumefikiri. Kile chumba..." Akakwama. Mnong'ono alilala chali, karatasi kifuani zikipanda na kushuka. Alijua kwamba akinyamaza, mtu mmoja duniani hatafukuzwa, walau kwa leo. Lakini kazi ni kazi. Akalitoa neno, na mzee akalipokea, akalisema kwa huzuni nzuri iliyomfanya fundi wa sauti afunge macho.

Kupe alisimama na begi lake, akapita mlangoni. Nyuma ya mlango ule hapakuwa na barabara. Palikuwa na nyaya na mbao na giza. Alikuja akinyata mpaka nyuma ya kochi, akachuchumaa karibu na Mnong'ono.

"Nimefukuzwa," akamnong'onezea sikioni. "Huku kuna nafasi?"

Mnong'ono akajisogeza, akampa nusu ya zulia. Walilala pale wawili wakitazama taa, wakisikiliza mume na mke wakibaki peke yao sebuleni, hawana la kuambiana, mpaka mwongozaji aliposema imetosha.

Chumba alikipata kwa muuguzi mstaafu, mama mmoja mnyamavu mwenye nyumba safi. Kilikuwa na dirisha kubwa. Mama yule alimfungulia mlango, akasimama pembeni. "Mimi sipendi maneno mengi," akasema. Mnong'ono akajibu kwamba naye hana mengi. Wakakubaliana ahamie mwisho wa mwezi. Alipokuwa akirudi, alijaribu kujiona ndani ya chumba kile asubuhi, jua likiingia, na aliweza kuona kitanda na jua, lakini hakuweza kujiona yeye.

Sehemu ya mwisho ya mchezo ilirushwa kabla ya mwezi kwisha. Mnong'ono hakukusudia kuitazama. Alikuwa chumbani akikunja nguo Wajina alipoita kutoka sebuleni, kwa sauti kavu, "Njoo basi. Ndiyo mwisho."

Akaenda. Walikaa watatu kwenye kochi kama zamani, lakini kati yao paliachwa nafasi, na kwenye nafasi hizo Wajina alikuwa ameweka vitambaa vilivyokunjwa. Nje kulikuwa bado na mwanga kidogo. Kutoka nyumba za jirani, mchezo uleule ulisikika, sauti zikifuatana kwa kuchelewa kidogo, kana kwamba mtaa mzima ulikuwa ukumbi mmoja uliokatwa vipande kwa kuta.

Kwenye skrini mume akamketisha rafiki.

"Tumekaa, tumefikiri," akasema Mzee Koti. "Kile chumba..."

Kikapita kile kimya. Mnong'ono alijisikia mwenyewe ndani yake, chini ya sauti zote, mahali ambapo hakuna mwingine aliyeweza kumsikia.

"Tunakihitaji."

Shemeji akavua miwani.

"Hayo maneno," akasema. "Yapo kwenye mchezo."

"Yapo," akasema Mnong'ono.

"Tangu lini?"

"Tangu yaandikwe. Tuliyafanyia mazoezi wiki nzima. Mzee alikuwa anakwama palepale, kila siku."

Shemeji alifikiri. Kwenye skrini Kupe alikuwa akiinuka na begi lake, na katika nyumba zote za mtaa watu walikuwa kimya.

"Palepale nilipokwama mimi," akasema.

Wajina akageuka. "Ulikwama wapi? Wewe uliniambia shemeji yako amechoka nasi, anataka kuhama."

"Nilisema, kile chumba chako. Nikawa natafuta neno. Yeye akanipa."

"Akakupa."

"Tunakihitaji, akaniambia. Nikawaza, mtu akikumalizia mwenyewe sentensi ya kumtoa, huyo anaomba ruhusa kwa heshima. Nikamuuliza, ndivyo? Akasema ndivyo."

"Na wewe ukalipokea neno la mtu ukalimeza," akasema Wajina. "Ungepewa sumu ungeuliza na kikombe."

"Lilisemwa vizuri," Shemeji akajitetea. "Hata mimi niliona kama nilikuwa nalitafuta hilohilo."

Wajina akakusanya vitambaa vilivyokuwa kati yao, akavirusha kwenye kiti. Akamtazama rafiki yake, na macho yake yalikuwa yamejaa, ingawa mdomo ulikuwa bado na hasira.

"Na wewe. Nimekununia humu ndani siku zote hizi. Hukuona?"

"Niliona."

"Ukafikiri nini?"

"Nilifikiri unanifukuza."

"Mimi nikikufukuza utajua, Wajina. Majirani watajua. Hata yule mzee wako wa koti atapata habari. Nilinuna kwa sababu uliamua kuondoka, ukamwambia huyu kabla yangu. Huyu, ambaye akitumwa chumvi analeta kiberiti."

Shemeji hakupinga.

Mnong'ono aliitazama mikono yake. "Basi ulitaka kusema nini siku ile, shemeji? Ulipokwama."

Wajina alifungua mdomo, kisha akaufunga. "Mwache aseme mwenyewe," akasema. "Na wewe usimsaidie."

Shemeji akaipulizia miwani pumzi, akaifuta, akaiinua kwenye mwanga. Kimya kikaanza. Mnong'ono alisikia maneno yakimjia kwa mazoea, moja baada ya jingine, yote mabaya: *kipangishwe, kibomolewe, kirudishwe.* Akaweka kiganja mdomoni. Kimya kikarefuka mpaka kikawa kama chumba ambacho wote watatu wameingia na hakuna anayejua swichi ilipo. Lakini pumzi ya Shemeji ilikuwa ikiendelea. Akasikiliza vizuri. Siku ile mezani ilikatika, na leo ilikuwa inakwenda, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Kile chumba chako," akasema Shemeji, "kinakuua macho."

Akavaa miwani.

"Unasoma kwa tochi mchana. Mimi natengeneza miwani ya watu mji mzima, na nyumbani kwangu mtu anasoma kwa tochi mchana. Nilitaka nikutobolee dirisha. Nilikuwa napima."

Mchezo ulikuwa umekwisha. Majina ya watu yalipanda kwenye skrini, na hakuna aliyeyasoma.

"Nimeshamwahidi yule mama," akasema Mnong'ono. "Muuguzi. Nilisema mwisho wa mwezi."

Wajina alikuwa amekaa mikono imelala mapajani, haina sindano, haina kitambaa. Shemeji alikuwa akimtazama bila haraka yoyote, kama alivyowatazama wateja wakijaribu kusoma herufi za mbali. Ndipo Mnong'ono alipoelewa kwamba wanamsubiri yeye, na kwamba nyuma ya kochi hapakuwa na mtu.

Alianza, akakwama. Akaanza tena.

"Yule mama ana nyumba nzuri," akasema. "Lakini mimi sitaki kuhama." Sauti yake ilimshangaza kwa kuwa nene. "Sikutaka tangu mwanzo. Nilikuwa nasubiri mniambie kama nibaki."

"Nani akwambie?" akasema Wajina. "Mtu anaambiwa abaki kwake?" Akajifuta uso kwa upande wa kiganja. "Kesho tutakwenda wote kwa huyo mama. Utamwambia mwenyewe, mimi nitasimama pembeni nionekane mwenye huruma."

"Nitamwambia."

"Basi," akasema Shemeji, akainuka. "Dirisha nimeliweka upande wa mashariki. Nimeshapima, nimeshaweka alama. Jua la asubuhi litaingia moja kwa moja hadi kitandani."

"Upande ule siutaki," akasema Mnong'ono.

Shemeji akasimama.

"Ule ukuta unatazama tangi la jirani. Nimelisikia likivuja miaka yote hii. Sitaki na kuliona. Nataka upande wa uani."

"Uani kuna kamba ya nguo," akasema Shemeji.

"Najua."

"Utaamka uzione soksi za shemeji yako," akasema Wajina, "zimenyooka kama zimekata tamaa."

"Nitazisalimia."

"Lakini kitanda itabidi kigeuzwe," Shemeji akasema, "na kabati nalo, na ule ukuta ni wa... ni wa..." Akanyamaza kulitafuta neno, na wanawake wawili wakamwacha alitafute, wakaenda chumbani na futi. Akawafuata akiwa bado analitafuta. Televisheni ilibaki ikizungumza peke yake sebuleni. Walisukuma kitanda, wakabishana, wakakirudisha. Shemeji alichukua penseli sikioni, akaweka alama ukutani kwa adabu, usawa wa kifua, akageuka kuuliza kama inatosha.

"Hapana," akasema Mnong'ono, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. "Juu zaidi."